Fleti ya kabla ya vita Uhindini: inauzwa nyumba au unauzwa ufunguo?

DAR ES SALAAM – Neno 'inauzwa' lina maana zaidi ya moja katika mitaa ya Kisutu, na mfanyabiashara anayeshuka kutoka Bujumbura, Lubumbashi, Kampala au hata Mbeya akiwa na akiba yake ana sababu ya kujua ni maana ipi anayoambiwa. Dalali akisimama chini ya jengo la ghorofa mbili lenye roshani za zege na mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya mlango, akanyoosha kidole kwenye madirisha ya mbao na kusema fleti ile pale inauzwa, anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Anaweza kuwa anauza umiliki: hati, jina, na haki ya kuwarithisha watoto. Anaweza kuwa anauza upangaji tu, yaani nafasi ya kuingia mahali pa mpangaji anayetoka na kuendelea kulipa kodi ya kila mwezi kwa mwenye jengo. Na anaweza kuwa hauzi chochote, ila ana ufunguo na mtu wa kumfungulia mlango. Kwa macho fleti ni ileile. Bei zinazotajwa nazo wakati mwingine hukaribiana kiasi cha kumchanganya mgeni.

Majengo yenyewe ni ya kabla ya vita, yaani yalisimamishwa kabla ya mwaka 1939, wengi wakiyakadiria kuwa ya miaka ya 1920 na 1930. Yamebaki machache. Kila mwaka uzio wa mabati unazunguka jingine, na baada ya hapo linainuka ghorofa la vioo. Lakini yaliyobaki bado yana wateja, na wengi wa wateja hao ni watu wa mizigo.

Sababu haihitaji maelezo marefu kwa anayefanya biashara Kariakoo. Kutoka Kisutu mtu anavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu na yuko sokoni. Upande wa pili iko bandari, ziko benki, ziko ofisi za mawakala wa forodha kando ya Samora na Sokoine. Mabasi ya mwendokasi yana kituo Kisutu penyewe, na stesheni ya reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, haiko mbali. Anayekuja Dar es Salaam mara nane au kumi kwa mwaka na kila safari kulala gesti, akihesabu risiti zake mwisho wa mwaka, lazima wazo la kuwa na mlango wake mwenyewe limjie.

Mji uliogawanywa kwa mafungu

Ili kuelewa kwa nini karatasi za majengo haya ni ngumu, ni lazima kujua yalikotoka. Wajerumani, waliohamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza waliochukua mji mwaka 1916, waliupanga kwa mafungu. Mashariki, karibu na bahari na bustani, palikuwa Uzunguni. Katikati palikuwa na maduka, pakaitwa Uhindini. Magharibi, ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, waliwekwa Waafrika, katika eneo lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza, Carrier Corps, ambalo ulimi wa mji ukalifanya Kariakoo.

Uhindini ulijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat na Kutch. Mpango wao ulikuwa mmoja: chini duka, juu familia. Kiwanja kilikuwa chembamba kwa mbele na kirefu kwa nyuma, kwa hiyo nyumba ilikwenda ndani, na nyuma kukawa na ua wa kupikia, kufulia na kuingiza hewa. Aliyefanikiwa zaidi aliongeza ghorofa na kupangisha jamaa au wageni. Hapo ndipo fleti zilipozaliwa: mlango mmoja wa mtaani, ngazi nyembamba, na familia mbili au nne zinazotazamana kwenye kila ghorofa.

Kisha ukaja mwaka 1971. Aprili ya mwaka huo Serikali ya Tanzania ilipitisha Sheria ya Kutwaa Majengo, ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilihesabiwa kwa umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu. Jengo la kabla ya vita lilikuwa limekwisha vuka miaka 30. Wenye majengo hayo wakapoteza jengo na fidia kwa mara moja, na wengi walifunga safari kwenda Uingereza na Canada. Baadhi ya majengo yalirudishwa baadaye baada ya wenyewe kukata rufaa. Mengine yalibaki ya umma, na mwaka 1990 kazi za Msajili ziliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililokuwapo tangu 1962.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo kwenye mtaa mmoja. Jengo hili ni la NHC, linalofuata ni la familia iliyorudishiwa, la tatu halikutwaliwa kwa kuwa mwenyewe aliishi humo peke yake, la nne ni la jumuiya ya dini. Yote yana rangi ileile iliyobanduka na roshani zilezile. Hakuna linaloweza kutambuliwa ni la nani kwa kulitazama, na dalali anayesema anajua kwa kuwa amekulia mtaani hapo atakuwa amesema kweli kuhusu kukulia kwake tu.

Kilemba

Neno lenyewe ni la zamani kuliko biashara ya fleti. Fundi humfundisha mwanafunzi, na siku ya kuhitimu hupewa kilemba chake. Kwenye posa za pwani, kilemba cha wakubwa wa bibi harusi hutajwa pamoja na mahari. Katika nyumba, kilemba ni fedha ambayo mpangaji anayeingia humpa anayetoka, au mwenye jengo, ili akabidhiwe ufunguo. Huko Mumbai, ambako wengi wa wajenzi wa Uhindini walikuwa na jamaa, desturi hiyohiyo huitwa pagdi, na pagdi nayo ni kilemba cha kichwani. Mfanyabiashara wa Nairobi anaijua kwa jina la gudwili.

Kilemba kilistawi kwa sababu kodi za zamani zilikuwa chini sana. Miaka mingi kodi za nyumba mijini zilidhibitiwa na sheria, na hata baada ya udhibiti huo kuondolewa katika miaka ya 2000, wapangaji wa muda mrefu wa majengo ya umma waliendelea kulipa kiasi kilichoachwa mbali na bei ya soko. Mtu mwenye upangaji wa namna hiyo katikati ya mji anashika kitu chenye thamani, ingawa si chake. Akitaka kuhama, hapendi kuurudisha ufunguo ofisini bure. Anautafutia mnunuzi.

Ugumu uko kwenye mkataba. Mikataba ya upangaji ya NHC inamkataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine, na shirika hilo limekuwa likitangaza mara kwa mara kuwaondoa wanaofanya hivyo. Anayetoa kilemba bila upangaji kuhamishiwa jina lake ofisini ananunua ukimya wa mpangaji wa awali na wa majirani, na ukimya huo una gharama zake. Kodi inaendelea kulipwa kwa jina la mwingine. Risiti ni za mwingine. Umeme na maji ni vya mwingine. Siku mpangaji yule akifariki, au akigombana na mkewe, au akikumbuka kwamba bei imepanda, mwenye kilemba hana karatasi ya kuonyesha zaidi ya hati ya makubaliano iliyoandikwa kwa kalamu na kushuhudiwa na watu wawili ambao pengine nao wamehama.

Kwa nyumba za watu binafsi hali ni nafuu kidogo. Mwenye jengo anaweza kukubali kilemba na kuandika mkataba mpya kwa jina la anayeingia, kwa muda unaojulikana. Hapo kilemba kinakuwa bei ya kuingia kwenye upangaji halali, na swali linalobaki ni moja tu: je, muda wa mkataba unatosha kuirudisha fedha hiyo?

Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara analala gesti siku sita kila safari, kwa shilingi 60,000 kwa usiku, na anasafiri mara kumi kwa mwaka. Hiyo ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka. Akiombwa kilemba cha milioni 40, atakuwa ametoa malazi ya zaidi ya miaka 11 kwa mkupuo, kabla ya kulipa kodi ya mwezi hata mmoja, kabla ya rangi, kabla ya kubadilisha nyaya. Mkataba ukiwa wa miaka miwili, hesabu hiyo haifungi popote. Watu wa mizigo wanajua kupiga hesabu ya kontena mpaka senti ya mwisho, lakini mbele ya fleti yenye dari ndefu na upepo wa bahari wengi huweka kalamu chini.

Hati moja kwa jengo zima

Kwa anayetaka kununua umiliki, jambo la kwanza ni kwamba jengo la kabla ya vita huwa na hati moja. Hati hiyo ni ya kiwanja na kila kilichojengwa juu yake. Fleti namba nne ya ghorofa ya pili haina hati, na haikuwahi kuwa nayo, kwa sababu sheria ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ilitungwa mwaka 2008. Ili fleti ile iuzwe peke yake na mnunuzi apate hati yake, jengo lote linatakiwa kwanza kupimwa na kusajiliwa kwa sehemu, kila fleti ikiwa na mipaka yake, na ngazi, paa, ua na mabomba vikawa mali ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki. Kazi hiyo huanzishwa na mwenye hati ya jengo. Mwenye fleti moja hana nguvu ya kuianzisha.

Jengo ambalo halijafanyiwa hivyo, mtu anaweza kuuziwa fleti kwa mkataba mzuri wa wakili, wenye mihuri na picha, na bado kwenye daftari la msajili wa hati asionekane. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: hati ya sehemu iko wapi? Akionyesha hati ya kiwanja kizima yenye jina la babu yake, mazungumzo hayo bado hayajafika kwenye bei.

Jina la babu nalo ni jambo. Familia nyingi za Uhindini zimetawanyika. Hati inaweza kuwa ya marehemu aliyeacha watoto saba, wawili wakiwa Toronto, mmoja Leicester, mwingine haonekani. Anayeuza ni mpwa aliyebaki kulinda jengo. Kabla ya fedha kutoka, mirathi inatakiwa iwe imefunguliwa mahakamani, msimamizi awe ameteuliwa, na yeyote anayetia saini kwa niaba ya ndugu wa ng'ambo awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Kama muuzaji ana mwenza na nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenza huyo si ya kupuuzwa. Sheria ya ndoa ya Tanzania inailinda nyumba ya ndoa, na mauzo mengi yameangukia hapo.

Njia ya kujua ukweli ni upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati. Mnunuzi au wakili wake anapeleka namba ya hati na kulipa ada, anapewa majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama au la mtu mwingine. Ada ya upekuzi ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wanne pale Kisutu. Hata hivyo hicho ndicho kipengele kinachorukwa kuliko vyote, kwa sababu dalali anasema yupo mteja mwingine anakuja saa kumi.

Baada ya upekuzi zinafuata tathmini, mkataba, kodi ya ongezeko la mtaji kwa muuzaji, ushuru wa stempu unaokaribia asilimia 1 kwa mnunuzi, kibali cha uhamisho na usajili. Ni vizuri fedha zote zisihame mkononi kabla ya hatua hizo. Mawakili hupanga malipo kwa awamu, sehemu ya mwisho ikisubiri hati yenye jina jipya, na muuzaji mwenye mali yake halisi kwa kawaida hakatai.

Asiye raia

Hapa ndipo wengi wa wasomaji wa ng'ambo ya mpaka hushtuka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na imefungua milango ya bidhaa, huduma, wafanyakazi na mitaji. Lakini ibara yake ya 15 inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa maneno mengine, mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki akifika kwenye nyumba, anasomewa sheria za mwenyeji.

Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliosajiliwa kwenye mamlaka ya uwekezaji. Njia hiyo ilitengenezwa kwa viwanda, hoteli na mashamba. Mtu anayetaka vyumba vitatu vya kulala na kuweka madaftari yake ataiona ni ndefu mno. Kuanzisha kampuni nako hakukwepi, kwa sababu sheria inaihesabu kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia kuwa nayo si raia. Kubana huku kumezidi upande wa biashara zenyewe: Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja na udalali wa nyumba, na Kenya ikalalamika. Kwa hiyo hata dalali anayejitambulisha kuwa ni ndugu kutoka nyumbani, Mkongomani kwa Mkongomani au Mkenya kwa Mkenya, anatakiwa kutazamwa mara mbili.

Watu wamebuni njia ya mkato. Fleti inanunuliwa kwa fedha ya mgeni, jina linaandikwa la shemeji, la mke wa Dar es Salaam, la mshirika wa dukani au la kijana anayepokea mizigo. Mambo yakienda vizuri, yanakwenda vizuri miaka mingi. Lakini daftari la msajili halijui historia ya urafiki. Linamjua mwenye jina. Shemeji akikopa benki kwa hati hiyo, rehani ni halali. Akifariki, watoto wake ndio warithi. Na mgeni akienda mahakamani kueleza kwamba jina lile lilikuwa la kufunika tu, atakuwa anaiomba mahakama imsaidie katika jambo alilolifanya ili kuikwepa sheria. Hasara za namna hii hazitangazwi, kwa sababu aliyepata hasara anaona haya kuzisimulia, na hiyo ni sababu mojawapo zinajirudia.

Kilicho wazi kwa asiye raia ni upangaji: mkataba wa maandishi na mwenye jengo halali, kwa jina lake mwenyewe au la kampuni yake, wenye muda unaotajwa, kodi inayotajwa, na kipengele cha nini kitatokea jengo likiuzwa au kubomolewa. Wengine huungana watatu au wanne wa njia moja ya biashara, wakapanga fleti pamoja na kupeana zamu, ili isikae tupu wiki tatu za kila mwezi.

Kwa majirani sheria si zilezile. Kenya inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, kwa mujibu wa ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, na tangu 2020 ina sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo. Uganda nayo inaruhusu ukodishaji wa hadi miaka 99 kwa asiye raia, na sheria yake ya fleti ni ya 2001. Kongo humpa mgeni haki ya hadi miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Lakini kila mji wa kale una mtego wake. Kampala ina majengo ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972; mali zao ziliwekwa chini ya bodi maalumu, kisha sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuwarudishia, na mabishano ya nani mwenye hati ya kweli hayajaisha. Mombasa, mtu anaweza kuuziwa nyumba bila ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine anayedai kodi ya ardhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wakfu, na nyumba ya wakfu haiuzwi, hata kama anayeishi ndani yake ana miaka 50 humo.

Kuta, chuma na robota

Karatasi zikishakaa sawa, kuna jengo lenyewe. Na haya ni majengo ya kupendeza, hilo halina ubishi. Dari ni ndefu, kwa hiyo joto linapanda na kumwacha mtu chini akipumua. Madirisha yanatazamana, ya mtaani na ya uani, upepo wa bahari unapita katikati ya nyumba. Vipande vya mbao vya madirisha vinapitisha hewa na kuzuia jua. Kuta ni nene. Umeme ukikatika mchana, fleti ya mwaka 1936 inakalika, wakati ghorofa la vioo la jirani linageuka tanuri mpaka jenereta iwashwe. Waliojenga hawakuwa na viyoyozi, na inaonekana.

Ubaya wake uko kwenye chuma. Majengo ya zamani zaidi yana kuta za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa. Kuanzia miaka ya 1920 zege lenye nondo lilienea, kwa saruji iliyoletwa na meli. Kiwanda cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966 tu. Karibu na bahari, chumvi huingia kwenye zege polepole mpaka ifike kwenye nondo. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni mstari wa rangi ya kahawia chini ya roshani. Ya pili ni kipande kinachodondoka. Mnunuzi anayetazama fleti aanzie chini, mtaani, akiinua macho kwenye tumbo la kila roshani, kabla ya kupanda ngazi na kuonyeshwa vigae vipya vya jikoni.

Rangi mpya nayo isimfurahishe upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kupumua; ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya masika moja rangi huvimba kama andazi. Fundi anayejua kazi hutengeneza ukuta wa chokaa kwa chokaa. Wamebaki wachache, wengi wao Zanzibar, Lamu na Mombasa. Muda mzuri wa kuikagua fleti ya ghorofa ya juu ni mvua ikiwa inanyesha, wala si kiangazi.

Lipo pia jambo linalowahusu wafanyabiashara kuliko wapangaji wengine wote: uzito. Sakafu ya fleti ilipigiwa hesabu ya familia, yaani vitanda, kabati na wageni wa sikukuu. Robota moja la mitumba huwa na kilo 45. Marobota 200 yaliyopangwa chumbani mpaka dari ni tani tisa, juu ya sakafu yenye umri wa miaka karibu 90 na vyuma visivyojulikana hali yake. Ukiongeza vitambaa, vyombo au betri za sola, hesabu inapanda. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wakiwa kazini. Bohari ni ya chini, kwenye ardhi. Fleti ni ya kulala, kupika na kufanyia hesabu. Anayesema sakafu za Wahindi wa zamani ni imara hajawahi kuifungua hata moja.

Nyaya za umeme ni za kukaguliwa na fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa nyingi ziliwekwa kwa taa na redio, si kwa jokofu mbili na kiyoyozi. Maji hutegemea tangi na pampu, na pampu hutegemea majirani kuelewana nani analipa. Lifti hakuna. Maegesho hakuna.

Mwisho kuna nyundo. Viwanja vya Uhindini vina thamani kubwa kuliko majengo yaliyo juu yake, na NHC, iliyozindua sera mpya ya ubia mwaka 2022, inakaribisha wawekezaji kujenga upya kwenye maeneo yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililenga magofu na majengo ya kale zaidi, na maduka ya ghorofa ya miaka ya 1930 mengi hayamo kwenye ulinzi wowote. Jengo likipangiwa kubomolewa, notisi hupelekwa kwa wapangaji waliomo kwenye daftari. Kama kuna nafasi ya kurudi kwenye jengo jipya, au msamaha wa kodi wa miezi kadhaa, wao ndio wanaoitwa kuzungumza. Aliyetoa kilemba nyuma ya mlango huambiwa na mpangaji wa awali, kwa simu, akiwa Kigoma au Goma, kwamba ana siku kadhaa za kuja kuchukua vitu vyake.